Kusafisha Kompyuta Kuukuu: Historia Iliyokuwa Ndani ya Diski Moja ya Magwagwa

Nimekuwa kimya kwa sababu ya pilkapilka za kazi na safari ya nyumbani. Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo kila anayejulikana kuwa "mtu wa kompyuta" katika ukoo wao ameshaombwa aifanye: kusafisha kompyuta kuukuu ili ikimbie. Sitakupa maelekezo ya bofya hapa, bofya pale. Nataka tuitazame kazi hii kama historia, kwa sababu inayo historia, na huku kwetu historia hiyo ilitugharimu vitu ambavyo hatukuwahi kuvihesabu.

Mwezi Desemba nilikuwa Magwagwa, kaunti ya Nyamira, kule ambako vilima vya majani chai vinateremka kuelekea mto Sondu. (Usiyepajua huenda umepasikia kwa sababu ya bwawa la umeme la Magwagwa, ambalo limekaa kwenye makaratasi kwa miongo kadhaa bila kujengwa. Chini zaidi kwenye mto huohuo, kituo cha Sondu-Miriu chenye megawati 60 kilianza kazi mwaka 2008.) Kompyuta ninayoizungumzia ni ya baba mkubwa, mwalimu mstaafu. Aliinunua mwishoni mwa mwaka 2006 kwa bonasi ya majani chai, ile inayolipwa mwezi wa Oktoba. Ni Pentium 4, RAM ya MB 256, diski ya GB 40, na monita nene ya kichogo iliyosafiri kwa basi kutoka Nairobi ikiwa imefungwa ndani ya blanketi. Boma lake liko karibu na soko, kwa hiyo stima ilimfikia kabla ya majirani wengi. Shuleni tulifundishwa kwamba kifaa hicho kinaitwa tarakilishi. Upande wetu wa kilima hakuna aliyekiita hivyo. Kiliitwa "mashine ya mwalimu".

"Mwanangu," akaniambia, "imechoka kabisa. Isafishe. Ikikataa, ifomati tu."

Nilinyamaza kidogo. Neno hilo la mwisho lilikuwa limeshasemwa katika chumba hichohicho mwaka 2009.

Haya, tuanze mwanzo. Kompyuta nyingi za nyumbani na za shule zilizoingia Kenya miaka ya 2000 zilitufikia zikiwa zimeshazeeka. Ofisi za Ulaya zilibadilisha mashine kila baada ya miaka michache, na zile za zamani zikapakiwa kwenye makontena. Kwenye maduka ya Nairobi zikapewa jina la eks-UK, kama magari. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilikuwa likikusanya mashine za namna hiyo, likazitengeneza na kuzigawa kwa shule. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo ilikuwa kompyuta ya kwanza kuigusa: ya mtumba, lakini nzima.

Shida ilikuwa kwamba mashine ilikuwa ya jana na programu zilikuwa za leo. Windows XP ilitoka Oktoba 2001, na Microsoft walisema inahitaji RAM ya MB 64 kwa uchache, MB 128 ikiwezekana. Hiyo ilikuwa kabla ya marekebisho makubwa ya mwaka 2004, kabla ya antivirusi, kabla ya kufungua Word na Excel kwa pamoja. RAM ikijaa, Windows haikatai kazi. Inachukua sehemu ya yale yaliyomo na kuyahamishia kwenye diski, kisha inayarudisha yakihitajika. Sasa fikiria tofauti ya mwendo. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde 10 hivi ili tu kichwa chake kifike mahali pa kusoma. Hiyo ni tofauti ya mara laki moja! Ni sawa na mwalimu mwenye meza ndogo ambaye kabati lake la faili liko Keroka: kila akitaka karatasi ya pili, lazima apande matatu.

Dawa ya ugonjwa huo ilikuwa moja, kuongeza RAM. Lakini RAM ilikuwa pesa, na ushauri ulikuwa bure. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo siri ya utamaduni wote wa "kusafisha" tuliokulia. Tulisafisha kwa sababu hatukuwa na uwezo wa kununua.

Usafi wa kwanza ulikuwa defragi. Asili yake ni mbali kidogo. Mfumo wa faili uitwao FAT ulianza mwaka 1977, na ulikuwa na tabia ya kutupia vipande vya faili popote penye nafasi. Faili moja ikawa na miguu huku na kichwa kule, na kichwa cha diski kikawa kinarukaruka kuziunga. MS-DOS 6 ya mwaka 1993 ikaja na programu ya kuvikusanya vipande hivyo, iliyotoka kwa kampuni ya Symantec. Katika XP programu hiyo ilikuwa na ukanda wa rangi: nyekundu ni faili zilizokatika, bluu ni zilizo nzima, kijani ni zisizosogezwa, nyeupe ni nafasi tupu. Baba mkubwa aliiendesha kila Ijumaa jioni akitoka shuleni. Sisi watoto tulikaa sakafuni tukitazama vistari vyekundu vikigeuka bluu, kama watu wanaotazama mpira. Je, ilisaidia? Kidogo. XP ilitumia mfumo wa NTFS, ambao haukuathirika vibaya kama FAT, na kama tulivyoona, ugonjwa wenyewe ulikuwa meza ndogo. Kwenye Vista Microsoft waliufanya usafi huo ujiendeshe wenyewe kila wiki na wakaondoa ukanda wa rangi. Watoto waliokuja baadaye wamekosa sinema. Niombe tu uikumbuke hiyo defragi ya Ijumaa, kwa sababu tutairudia.

Usafi wa pili ulikuwa wa rejista, ile daftari kubwa ambamo Windows huandika mipangilio yake. Hapa sina huruma. Microsoft wenyewe waliwahi kuwa na programu ya kuisafisha iliyoitwa RegClean, wakaiacha. Mistari michache iliyokufa ndani ya rejista haipunguzi mwendo kwa kiasi ambacho binadamu anaweza kukiona, lakini mstari mmoja uliofutwa kimakosa unaweza kukuzuia kuwasha mashine. Hata hivyo CCleaner, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa kwenye flashi ya kila fundi niliyemjua. Kufuta faili za muda ilikuwa kazi yake nzuri. Ile ya rejista ilikuwa tambiko. Na mwaka 2017 wahalifu waliingia kwa watengenezaji wake wakaweka programu haribifu ndani ya toleo halisi, na mashine zaidi ya milioni mbili zikalipakua. Sabuni yenyewe ndiyo iliyoleta uchafu.

Kuhusu vumbi nitasema kwa ufupi, ingawa pengine huo ndio usafi uliofanya kazi kuliko wote. Barabara zetu za udongo, moshi wa jikoni na mijusi wanaopenda joto la pawa saplai vilijaza feni, na prosesa ya Pentium 4 ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Brashi ya rangi, nusu saa na subira vilitosha.

Sasa tufike kwa virusi.

Wenzetu wa nchi zilizoendelea walipata virusi kwa barua pepe. Sisi tulivipata kwa flashi. Windows 95 ilileta jambo liitwalo otorani: ukiweka CD, programu iliyomo inajiendesha. Lilikuwa jambo la kumsaidia mtumiaji, na kwa CD halikuwa na ubaya mkubwa. Lakini flashi ilipokuja, kirusi kilichohitaji usafiri kilikuwa kimepata matatu ya bure. Huku kwetu njia zake zilijulikana vizuri kabisa, kwa sababu zilifuata mitihani. Mwalimu anachapa mtihani kwenye mashine ya mwalimu mwenzake, anaubeba kwa flashi hadi mjini Nyamira au Kisii kuchapisha, flashi inachomekwa kwenye kompyuta ya saiba iliyochomekwa flashi nyingine 30 siku hiyo, kisha inarudi nyumbani. Conficker, iliyoanza Novemba 2008, ilitumia mtandao na baadaye flashi pia. Tulikuwa hata na kimoja kilichobeba jina la Raila Odinga. Kisha vikaja vile vya kuficha folda zako na kukuachia shotikati zinazofanana nazo, hata mtu akadhani kazi yake imeliwa, kumbe ipo palepale.

Antivirusi ilikuwepo, lakini antivirusi isiyopata habari mpya ni mlinzi aliyelala. Kebo za SEACOM na TEAMS zilifika pwani ya Kenya mwaka 2009. Kutoka Mombasa hadi kilima chetu ilikuwa safari nyingine. Fundi alileta habari mpya za antivirusi kwenye CD, na CD hiyo ilikuwa na umri wa miezi. Microsoft walituma sasisho la kuzima otorani ya flashi kwenye XP Februari 2011, lakini hilo nalo lilihitaji intaneti ili likufikie.

Hapo ndipo fomati ilipopata umaarufu. Fundi hana antivirusi mpya, hana RAM ya kukuongezea, na wewe huna pesa ya kumlipa siku nzima. Anacho CD ya XP (leseni yake tusiulize). Kwa saa moja hivi anaweza kukurudishia mashine inayokimbia kama swara. Usiwalaumu sana mafundi, ndugu msomaji. Kwa vifaa walivyokuwa navyo, ilikuwa dawa pekee iliyoponya kila mara. Shida ilikuwa kwenye neno. Mwenye kompyuta akisema "nisafishie", anafikiria kufagia: uchafu utoke, vyombo vibaki. Fundi akisikia "nisafishie", anafikiria kubomoa nyumba na kujenga upya. Wawili hao walikuwa wakielewana bila kuelewana.

Siku moja ya mwaka 2009 fundi aliuliza, "Mwalimu, kuna kitu muhimu humu?" Baba mkubwa akajibu, "Hapana, ni virusi tu vimejaa." Alifikiri ameulizwa kuhusu ugonjwa. Jioni mashine ilikuwa mpya, tukafurahi. Jumatatu akaitafuta folda yake.

Nikueleze kilichokuwemo, maana ukisikia "faili za kompyuta ya kijijini" unaweza kudhani ni muziki. Kulikuwa na mitihani ya miaka mitatu. Kulikuwa na kumbukumbu za mikutano ya kikundi cha wakulima, na orodha za michango ya harambee: nani alitoa, nani aliahidi. Na kulikuwa na wasifu za marehemu. Kwetu mazishi hayafanyiki bila wasifu kusomwa: amezaliwa wapi, na nani, wa ukoo upi, ameolewa au ameoa mwaka gani, watoto, wajukuu, ugonjwa ulivyoanza. Kwa kuwa alikuwa na mashine, baba mkubwa ndiye aliyekuwa mwandishi wa kilima. Familia zilimjia usiku na karatasi iliyokunjwa, naye akauliza maswali na kuchapa.

Nyanya yetu alipofariki mwaka 2008, aliketi jioni tatu na dada yake nyanya, mzee sana, akimuuliza juu ya watu waliokuwepo kabla ya vitambulisho na vyeti. Akaandika kurasa nne. Nakala zilizochapwa ziligawiwa kaburini, siku ile ikanyesha. Dada yake nyanya naye akatufariki mwaka uliofuata. Baada ya fomati, yale mambo hayakuwa yameandikwa mahali popote duniani.

Ndiyo maana Desemba sikuigusa. Baba mkubwa alikuwa ameshapata simu ya maana, na mashine ilikuwa ikiwashwa mara mojamoja tu kwa miaka mingi. Nikafungua kava, nikaitoa diski.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo kila mwenye diski ya zamani anapaswa kulijua. Katika XP, fomati ya haraka huandika upya jedwali linalosema faili ziko wapi. Faili zenyewe hukaa palepale hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Na hata ile fomati ndefu ya XP, iliyochukua muda na kukupa picha ya kazi kubwa, ilikuwa ikikagua tu kama diski ina sehemu mbovu. Kuandika sifuri juu ya kila kitu kulianza na Vista. Mwaka 2003 wanafunzi wawili wa chuo cha MIT, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kununua diski 158 za mtumba. Kati ya 129 walizoweza kuzisoma, 12 tu ndizo zilizokuwa zimefutwa sawasawa. Kwao ilikuwa habari ya kutisha kuhusu siri za watu. Kwangu ilikuwa habari njema.

Nilichomeka diski kwenye laptopu yangu kwa adapta ya USB, nikatengeneza nakala yake nzima kwa ddrescue ili nisiichokoze ile yenyewe, kisha nikaipitisha nakala hiyo kwenye PhotoRec, programu ya bure ya Mfaransa Christophe Grenier. PhotoRec haijali jedwali. Inasoma diski kuanzia mwanzo, ikitambua alama za mwanzo za hati ya Word, za picha, na kadhalika, na inachokipata inakikata na kukuwekea pembeni. Udhaifu wake ni mmoja: faili iliyokatika vipande vilivyotawanyika, mara nyingi inaipata nusu, au inaiunga na mabaki ya faili nyingine.

Nadhani umeshaona ninakoelekea. Hati zilianza kutoka, moja baada ya nyingine, na zilikuwa nzima. Nilishangaa hadi nilipokumbuka vile vistari vyekundu vikigeuka bluu. Kila Ijumaa, kwa karibu miaka mitatu, mzee alikuwa akiziunganisha faili zake kwa tambiko ambalo mimi, na digrii yangu, nimelicheka mara nyingi mbele ya watu. Mwendo halikuupa. Lakini lilimpangia hati zake kipande kando ya kipande, hivi kwamba jedwali lilipopotea, programu isiyo na ramani iliweza kuzifuata mwanzo hadi mwisho. Na bahati nyingine: fundi yule hakuwa na mazoea ya kufuta nafasi tupu, jambo ambalo lingemaliza kila kitu.

Zilitoka hati mia mbili na kitu. Mitihani mingi. Barua ya ofisi fulani ya Uingereza ya mwaka 2003 ikiwakumbusha wafanyakazi wasiegeshe magari mbele ya lango. Mashine ilikuwa na maisha kabla yetu, nami nikaifuta bila kuendelea kusoma. Kisha hati ambayo sehemu ya mwandishi ilisema "user" na kichwa chake kilianza na WASIFU.

Mashine yenyewe, kama unataka kujua, niliipa RAM ya GB 1 kutoka kwa nyingine iliyokufa, nikasugua feni, nikaweka diski nyingine na Debian 12. Hilo ni toleo la mwaka 2023, la mwisho kuwa na kisakinishi cha mashine za biti 32 kama hii. Debian 13 ya mwaka 2025 imekiacha. Inaandika hati vizuri. Intaneti ya leo haiiwezi, na hatukuiunganisha. Ile diski ya zamani iko ndani ya soksi, kwenye droo yangu. Nakala za hati nimeziweka mahali patatu.

Nilichapisha zile kurasa nne sokoni, nikampelekea jioni. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti kama aliyesimama kaburini. Kwenye ukurasa wa pili akasimama. Jina la babake nyanya lilikuwa limeandikwa sawa, lakini kijiji alichotoka kilikosewa herufi moja, na herufi hiyo inakifanya kuwa kijiji kingine kabisa, ng'ambo ya mto.

"Nilichapa usiku," akasema. "Hebu niletee kibodi."

Nikamfungulia hati. Kabla hajagusa chochote akaniuliza jinsi ya kuihifadhi kwa jina jipya, ili ile ya mwaka 2008 ibaki ilivyo.